Kibla cha Jafar

Feri ya Likoni ilijaa, na masikio yote yalikuwa kwa Bi Mwanarehema wa mtaa wa Shika Adabu. Mumewe Jafar, baharia, alifia Wales, huko Uingereza, akazikwa kijijini huko, na muuguzi aliyesimama naye, Dorothy, aliwahi kuishi kijiji hichohicho.

“Ni bondeni, mama. Machimbo ya mawe yalifungwa, watu wakahama. Limebaki kanisa na makaburi, yote yametazama mashariki.”

“Mashariki!” akamaka Bi Mwanarehema. “Kwetu maiti hulazwa akitazama kaskazini, mwanangu, ndiko Makka. Wallahi wamenitupia mume wangu!”

Dorothy akauliza, “Lakini mama, ukiwa Wales, huko juu magharibi ya Makka, Makka iko upande gani?”

Feri ikagonga gati. Bi Mwanarehema akabaki palepale, akijizungusha polepole kuitafuta Makka kutokea Wales, na watu wa Likoni, wasiojua kungoja, wakampisha.