Siku Tani Alipoingia Chini ya Gari

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na umebonyea katikati kwa sababu pale ndipo Tani alipozoea kukaa. Mbele yetu kuna barabara ya vumbi, na ng'ambo ya barabara kuna gereji yake. Nyuma yetu yupo Mama Kahawa na birika lake, anayemimina bila kuuliza na kutusema bila kuombwa. Kinyozi hukaa hapa akisubiri vichwa. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, hukaa hapa kwa sababu mkewe amechoka kumsikiliza. Jina hilo alipewa kwa kuwa mdomo wake hauna kitu hicho. Redio ni mpaka rangi, ila brashi yake hatujawahi kuiona. Mimi nashona nguo kibanda cha pili, na asubuhi ile nilifanya kosa moja: nilikuja benchini na ovaroli ya Tani mapajani, naipunguza kiuno mbele ya watu wenye macho.

— Hiyo ni ya Tani? — Redio akauliza.

— Ya mteja.

— Mteja gani? Ovaroli kama turubai la lori, nchi hii nzima anayo mtu mmoja tu. Unaipunguza tena?

— Tumbo la mteja ni siri ya fundi.

— Siri gani, na mshipi wake sasa unamzunguka mara mbili! Jamani, tusifichane. Yule mtu anaumwa.

Kinyozi akacheka puani.

— Haumwi. Kichwa chake nakinyoa mimi. Mgonjwa nywele hunyauka. Za Tani zinang'aa kama za bwana harusi.

— Basi anakimbia asubuhi kabla hatujaamka. Simba mwendapole ndiye mla nyama.

— Akimbie na nyonga ipi? — Breki akadakia. — Nyinyi mmesahau? Gari lilichomoka kwenye jeki likamlalia. Nyonga ikapasuka kama kigae. Daktari akamwambia hapana kukimbia, hapana kuruka, hapana kubeba. Kutoka pale mlangoni kwake hadi hapa anakuja na fimbo, akifika anahema kama lori langu kwenye mlima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani alimwambia kitu? — Kinyozi akauliza. — Jeki ndiyo iliyoteleza.

— Methali ni methali.

— Sasa kama hakimbii, zile kilo zimekwenda wapi? — Redio hakukubali kuachwa nyuma. — Kitu hakipotei hivi hivi.

Kinyozi akasogeza kikombe, akashusha sauti kama anayetaka kuuza kitu cha wizi.

— Hazikupotea. Zimehama. Mmemtazama mdogo wake siku hizi?

Tukageuka sote. Ng'ambo, mdogo wake Tani, anayeshika kazi zote za chini ya gari tangu ile ajali, alikuwa anafunga lango aende kutafuta vipuri. Na kweli kitambi kilikuwa kimeanza kumtangulia.

— Loo! — Redio akashika kifua. — Damu moja! Kimoja kinajaa, kingine kinapungua!

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Kinyozi, na kwa mara ya kwanza methali ilikaa karibu na mahali pake.

— Upuuzi, — Breki akasema. — Mimi nimezunguka, nimeona. Mwanamume hakondi ila kwa mambo mawili, mapenzi au mke. Mapenzi hana, fimbo ile haimfikishi. Amebaki mke. Juzi mke wangu karudi sokoni, anasema wanawake wote wanalijua: yule mama anamnyima mumewe chakula. Anampa majani kama sungura. Wengine wanasema anamtilia kitu. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Na hiyo nguo iko wapi? — sauti ikauliza nyuma yetu.

Alikuwa Tani. Amesimama kando ya Mama Kahawa, fimbo mkononi, shati limekaa mabegani kama la mtu mwingine. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Mama Kahawa alijua, maana alikuwa anatabasamu.

Breki akakohoa.

— Karibu, ndugu yangu. Tulikuwa tunasema... hali ya hewa.

— Nimeisikia. Mama, nipe kahawa.

— Sukari kama kawaida? — Redio akauliza kwa kujipendekeza.

— Huyu hajatia sukari tangu mwaka jana, — Mama Kahawa akasema huku anamimina. — Kila siku mko hapa, hata mmoja hajaona. Kazi yenu kutazama viuno.

Tani akaketi taratibu, mguu mbaya ameunyoosha mbele.

— Nitawaambia, — akasema. — Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya yule mnayemsema.

Akanywa kwanza.

— Mnakumbuka siku niliyokwama.

Tulikumbuka. Ilikuwa miezi mingi baada ya ajali. Tani alijiona amepona, akalala juu ya kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari la mteja kutazama giaboksi. Akaingia kifua. Tumbo likagoma. Kurudi nyuma hawezi, kwenda mbele hawezi. Ilibidi mdogo wake alete jeki ya pili kuinua gari, na wateja wanacheka, mmoja anapiga picha kwa simu. Tangu siku hiyo fundi bora wa mtaa akawa mtu wa kiti, anayeelekeza kwa kidole.

— Nilirudi nyumbani, — Tani akaendelea. — Sikula. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Akakaa. Akaniuliza tena. Nikalia. Mtu mzima mwenye ndevu, nikalia kwenye kanga yake. Nikamwambia nataka kupungua, na daktari amenizuia kila kitu. Nitapunguaje bila kukimbia? Akasema twende tumuulize yeye huyo daktari.

— Akasemaje? — Kinyozi akauliza.

— Akanipima damu, akanipima kila kitu. Halafu akasema: «Nyonga ndiyo imevunjika. Mdomo ni mzima. Tuanze na mdomo.»

Mama Kahawa akacheka hadi birika likatikisika.

— Nikamwambia daktari, mimi si mlaji. Mezani nakula kama wenzangu. Mke wangu akanitazama tu. Tulipofika nyumbani akasema, «Baba, hebu wiki hii kila unachotia mdomoni kiseme kwa sauti.» Nikadhani utani. Jamani! Mteja akija na gari, ananiletea soda. Soda. Gari likiwaka, soda ya pongezi. Soda. Likikataa kuwaka, soda ya kunipa pole. Soda! Chai sukari vijiko vya kurundika. Vya kukaanga pale kona, kwa sababu vinanukia. Jioni watoto wakishiba, nani anamaliza sahani zao? Mimi nilikuwa pipa la nyumba.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, — nikasema.

— Na asali yote ilikuwa hapa, — Tani akajipiga pale tumbo lilipokuwa zamani. — Basi tukaanza na soda tu. Maji mahali pa soda. Nikaumwa kichwa, nikagombana na kila mtu, mpaka mdogo wangu akaomba ninywe hata moja kwa ajili ya amani. Ikapita. Tukaja kwenye sukari. Halafu sahani. Nusu ya sahani mboga, kisha maharage au samaki au yai, na wali ukapewa kona yake kama mgeni. Chakula ni kilekile cha nyumbani, mahali pake tu ndipo palipobadilika. Nikisikia njaa nakula, sikulala na njaa hata siku moja. Unanisikia, Breki? Hata siku moja.

Breki alikuwa anatazama viatu vyake.

— Na yeye mwenyewe? — Redio akauliza, safari hii kwa sauti ndogo. — Mkeo?

— Alikula nilichokula. Yeye mwembamba, hana shida yoyote, lakini hakutaka nile peke yangu kama mgonjwa. Kuna siku nilishindwa. Nilinunua mkate mzima, nikajificha nyuma ya matairi, nikaumaliza mkavu, natazama huku na huku kama mwizi. Nikaenda kumwambia. Nilijua atakasirika. Akasema, «Umekula mkate, hujaua mtu. Kesho kula kama jana.» Basi. Mwaka mzima umepita hivyo, kesho kama jana. Naye mwaka huo mzima anakwenda sokoni, anasikia anavyosemwa, anarudi na mboga mkononi, hasemi neno. Hayo ya sokoni nimeyajua leo. Hapa. Kwako.

Breki, ambaye sijawahi kumwona akitafuta neno, akalitafuta.

— Nitakwenda kwa shemeji leo, — akasema mwishowe. — Mimi na mke wangu. Tutamwomba radhi, na sokoni mke wangu atayakanusha kwa kinywa kilekile.

— Nenda, — Tani akasema. — Ila akikukaribisha chakula, usikatae majani.

Ndipo tukasikia gari. Gari dogo la zamani, la chini chini, linakuja kwa kusukumwa na wapita njia wawili, na mwanamke aliyevaa sare ya ukunga anashika usukani kupitia dirishani. Likasimama mbele ya lango la gereji lililofungwa.

— Fundi yuko wapi? — akauliza akitweta. — Klachi imekufa ghafla, gia haziingii. Nina mama anasubiri kujifungua, na wamenipigia mara mbili.

— Fundi ametoka kidogo, — Redio akaanza. — Mdogo wake huyu—

— Fundi ni mimi, — Tani akasema.

Alisimama. Akanyoosha mkono kwangu, akachukua ovaroli, na uzi wa mwisho nikaukata kwa meno. Aliivaa hapo hapo juu ya shati. Ilimkaa. Naomba mniamini, nimeshona miaka mingi, na nguo inapomkaa mtu hivi hata sindano hufurahi.

— Tani, ngoja mdogo wako, — Kinyozi akamwambia. — Gari hili liko chini mno. Hata mimi siingii.

— Mama anajifungua, unataka angoje vipuri?

Akavuka barabara na fimbo yake. Akafungua lango, akatoa boksi la vifaa gerejini, akapiga jeki, akaitazama mara mbili, akaweka vigogo vya kulizuia gari pembeni kama mtu anayeijua jeki kwa machungu. Kisha akatandika kipande cha boksi chini. Akakaa. Akalala. Nyonga ile ikamuuma, tuliiona usoni mwake, lakini hakutoa sauti. Akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili.

Sisi tulikuwa tumesimama. Kahawa zinapoa, hakuna aliyezikumbuka. Kinyozi alikuwa amenishika mkono wa shati, naye Redio alikuwa amepanda juu ya benchi ili aone vizuri.

Tani akajivuta. Kichwa kikaingia. Kifua kikaingia. Akatulia kidogo, na mimi nikajua anawaza nini, maana na mimi niliwaza hilohilo. Kisha akajivuta tena, na tumbo likapita chini ya kile chuma kama barua inavyopita chini ya mlango. Zikabaki buti mbili nje.

— Ameingia! — Breki akapiga ukelele. — Jamani, ameingia!

Mama Kahawa akapiga vigelegele na birika mkononi. Kinyozi akaanza kumkumbatia Redio. Watu wa maduka wakatoka, wengine wakadhani ni ajali, na walipoambiwa wakapiga makofi, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unaijua ile siku nyingine. Mpita njia mmoja aliyesukuma gari akauliza kama bei ya mafuta imeshuka.

Chini ya gari ikasikika sauti ya chuma kugonga chuma, na juu ya sauti hiyo nyingine: Tani alikuwa anaimba. Hakuwa na sauti nzuri. Waya wa klachi ulikuwa umekatika; akatoa mwingine kwenye boksi lake, akaufunga, akamwambia mkunga akanyage, aachie, akanyage tena.

Mkunga alikuwa ameketi kwenye usukani na mlango wazi, anatutazama. Alituona sisi wazee wazima tunarukaruka, Breki anajifuta macho na kofia, mimi sindano bado iko mdomoni.

— Samahani, — akasema. — Mimi mgeni hapa. Mbona mnashangilia? Si fundi wa magari huyu? Si kazi yake kuingia chini ya gari?

Redio akanitazama mimi, nami nikamtazama Kinyozi. Ungeanzia wapi? Kwenye nyonga? Kwenye soda? Kwenye mwanamke arudiye sokoni na mboga mkononi na maneno ya watu mgongoni? Swali dogo kama lile, na benchi zima lenye jibu la kila kitu duniani halikuwa na hata neno.

— Washa! — sauti ikatoka chini.

Gari likawaka. Gia ikaingia laini. Tani akajivuta nje, uso umejaa mafuta machafu, akashusha gari kwenye jeki na kumpungia mkunga aende asicheleweshe watu. Vumbi lilipotulia, alikuwa bado amekaa chini, mgongo kwenye lango, anacheka peke yake. Halafu akaelekeza fimbo kwenye pikapu ya zamani iliyokuwa inamsubiri mdogo wake tangu jana.

— Lile nalo, — akasema. — Nani atanipa spana?

Na Breki, ambaye hajawahi kushika kazi tangu astaafu, alikuwa ameshavuka barabara.