OZELLA MAYFIELD CRUME, Aliyeitwa Bwana

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, marehemu shangazi yetu Ozella alisimama mlangoni mwa bafu akimsomea mumewe, Mjomba Leander, kurasa alizopiga taipu jana yake. Mjomba alikuwa akinyoa ndevu. Wembe ukiendelea, shangazi alirudi kuandika upya. Wembe ukisimama, alijua hadithi imekaa.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1909 karibu na Itta Bena, Mississippi, kwa Enos na Callie Mayfield, wachuma pamba. Shule yao ilifunguliwa pamba ikishaisha tu, naye akaishia darasa la sita. Bibi alisimulia kwamba akiwa na miaka saba alimuuliza mchungaji kama mwezini nako watu weusi watapitia mlango wa nyuma. Mchungaji alicheka. Mtoto hakucheka.

Mwaka 1926 alihamia Chicago, akawa mpiga pasi katika duka la dobi la Mtaa wa 47. Hiyo ndiyo kazi aliyojulikana nayo. Alifunga ndoa na Mjomba Leander Juni 1931. Mtoto wao Hosea alifariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Baada ya msiba huo alianza kuandika hadithi za sayari na vyombo vya kwenda nyotani, akazituma kwa posta kwa jina la O. M. Crume. Mhariri wa gazeti moja la hadithi alizipenda, akamjibu, "Mpendwa Bwana Crume." Ubwana huo ukadumu miaka kumi na mmoja. Nyumbani tuliugeuza utani.

"Bwana Crume, kahawa yako inapoa!" mjomba aliita.

"Niletee huku, mke wangu," shangazi alijibu.

Katika magazeti ya aina hiyo picha ya jalada huchorwa kwanza, ndipo hadithi huandikwa kuifuata. Mwaka huu aliletewa picha ya bibi wa kizungu mwenye nywele za dhahabu, na nyuma yake kivuli cheusi kimemkamata. Shangazi aliitazama siku nzima. Hadithi aliyoandika ilisema kivuli kile ni Kapteni Zenobia, mwanamke mweusi, anayemtoa yule bibi motoni.

Mhariri akasema ni hadithi yake bora kuliko zote, ila kapteni lazima awe mwanamume wa kizungu. Wasomaji hawataamini.

"Mtu wa mikono sita wanamwamini," mjomba alisema. "Wewe ndiye unayewashinda?"

Shangazi hakucheka safari hii. Alimwandikia mhariri kwamba atakuja mwenyewe aonwe, na kapteni abaki alivyo. Mhariri akafurahi, akamkaribisha Bwana Crume chakula cha mchana.

Tangu Machi moyo wake ulikuwa mgonjwa, na daktari alikuwa amemkataza ngazi. Jumanne tarehe 17 Novemba 1953 alifika kwenye jengo la gazeti lile. Bwana Tolliver, mwendesha lifti, ndiye aliyetusimulia.

"Nimekuja kumwona mhariri," shangazi alimwambia bawabu.

"Na mimi nataka kumwona Rais. Wafagiaji ngazi ya nyuma, shangazi."

Ofisi iko ghorofa ya saba. Alikutwa ngazini, ghorofa ya sita, ameketi, kofia iko kichwani, amekwisha fariki. Juu yake mhariri alikuwa akimngoja Bwana Crume. Juzi imefika barua yake ya kulalamika kwamba Bwana hakutokea. Hadithi itatoka Januari, na kapteni anaitwa John.

Jina lake lote tumeliandika hapo juu kwa herufi kubwa, kwa kuwa hakuna kwingine lilikowahi kuchapwa.

Ameacha mume, Leander. Kaka, Amos, ambaye ni baba yangu. Na wapwa watatu. Mungu ampumzishe, na ampokee kwa mlango wa mbele.

Mjomba ameomba niongeze hili. Asubuhi ile shangazi alisoma hadithi mpya, mpaka pale Kapteni Zenobia anaposhika komeo la mlango unaowaka. Wembe ukasimama.

"Halafu?" mjomba akauliza.

"Nikirudi."

Akazitia kurasa mkobani, akavaa glavu zake za Jumapili, akatoka.