Ramani ya Mwamba Kanzu

Kibaraza chetu cha Mtangawanda kimeegemea ghala la samaki, na asubuhi ile ukutani palikuwa na ramani mpya. Miaka miwili mizima kila mvuvi akishuka pale kwenye mizani alijaziwa fomu: kilo ngapi, umevua wapi. Wataalamu wa bahari wamezikusanya wakachora. Pekundu panavuliwa, peupe hapavuliwi. Pekundu palikuwa mahali pamoja tu, Mwamba Kanzu, mwamba wa matumbawe uliokufa zamani, ambao haukupi hata pono wa kumtupia paka. Kwengine kote kulikuwa kweupe, na barua iliyobandikwa chini ilisema peupe patapewa meli ya kuchota mchanga, ila wavuvi wakisahihisha kabla ya adhuhuri. Tulikuwa wanne: Bakr Setilaiti, mwenye simu na intaneti, Husni Wakili, anayetetea chochote, Obeid Kufuli, asiyesema kitu, na mimi.

Bakr: Hii ni kompyuta. Nairobi kuna baridi, ikiganda nukta zote hurundikana pamoya.

Husni: Hapana. Samaki wenyewe ndio waliohamia Kanzu, sisi hatuna habari.

Bakr: Basi weye mbona hwendi?

Husni: Mimi nina mgongo.

Bakr: Wallahi setilaiti huona kofia tu. Kofia zetu zote sawasawa, ikadhani ni mtu mmoya, hatoki pale pale.

Husni: Na kofia yako ilikuwa wapi?

Bakr: Kando kando huko.

Mimi sikucheka, kwa sababu fomu yangu ilisema Kanzu pia. Mvuvi wa hapa hataji mahali pake. Ukipataja leo, kesho alfajiri utakuta mashua tatu zimekutangulia. Na pale mizanini masikio ni mengi, kwa hivyo kila mtu alitaja mahali ambapo hakuna atakayekwenda.

Husni: Mimi nasema samaki wamezisoma zile fomu. Wameona wanaandikwa, wakakimbia.

Obeid akaweka kikombe chini.

Obeid: Meli ikichota mtanga pale, wanangu watakula nini?

Husni: Pale wapi?

Obeid: Pale.

Mahali pake alionyeshwa na babake, hilo twalijua sote. Na pamo ndani ya ule weupe, hilo pia twalijua. Nilimwonea huruma, kwa kweli, lakini nilisogea karibu nisikie vizuri.

Mashua ya Mkokoni ilikuwa imefika. Akashuka msichana mwenye faili kifuani, akaja moja kwa moja mpaka kibarazani.

— Asalaam aleikum. Mimi naitwa Nadra, natoka kwa wale waliochora ramani. Nimeambiwa ina makosa?

— Makosa makubwa! tukasema sote kwa pamoja.

— Hamvui Kanzu?

— Kanzu hakuna kitu, Bi Nadra! akasema Bakr. Ni mawe matupu!

— Sawa. Nadra akafungua kalamu. Basi mnavua wapi?

Bakr akaanza kuitafuta simu yake. Husni akakumbuka mgongo. Nami nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha jaa.

— Ikiwa mnaona haya, tunaweza kwenda kando, mmoja mmoja, akasema Nadra.

— Kando halafu uibandike hapo ukutani? akauliza Husni.

Nadra akautazama ukuta, maana ndivyo ingekuwa.

Obeid akainuka. Akaiendea ramani, akanyanyua kidole, kikapita juu ya ule weupe polepole upande wa Kiunga. Bakr aliacha simu, Husni alisahau mgongo, na shingo yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa ndefu kuliko zote. Obeid akageuka akatuona. Kidole kikarudi mpaka kwenye wekundu.

— Kanzu, akasema.

— Kanzu, akasema Bakr.

— Kanzu, akasema Husni.

Nadra akanitazama mimi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza.

— Kanzu, nikasema.

Akaandika, akafunga faili.

— Basi ramani haina makosa.