Kondoo wa Upatanisho

Kwenye basi dogo la kwenda Tokmok, bibi mmoja aliyepakata kamba mpya alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, mwanamume asiyemjua hata kwa jina.

"Mjukuu wangu Ulan alipigwa shuleni na Bektur, eti anaongea kama watu wa kusini. Mwalimu mkuu akasema tukae tule pamoja, yaishe. Basi tukachinja kondoo."

"Nyinyi? Mama, aliyepigwa si wenu?"

"Bektur alikuja kwetu na baba yake. Kwani kwenu mgeni anapewa chai kavu?"

Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa kabla sijafikiri.

"Kichwa cha kondoo tukampa baba mtu. Akakata sikio la kondoo akampa Bektur, ndiyo desturi, mtoto apate kuwa msikivu."

"Akasikia?"

"Akala."

"Na Ulan?"

"Mdogo wa nyumba ndiye hunawisha wageni. Alishika birika, akammiminia Bektur maji."

"Kwenye mikono ileile iliyompiga?"

"Ana mingine?" Bibi akainamia kamba yake. "Akamuuliza kama maji hayamchomi."

Hata dereva akapunguza redio.

"Ila ameacha kumpiga?"

"Bektur ameacha, ameshiba. Lakini habari za ile nyama zimeenea darasa zima. Jana Ulan amepigwa na wengine watatu."

"Safari hii mtashtaki, sivyo?"

Basi likasimama. "Soko la mifugo!" dereva akaita.

Bibi akajizongea kamba mkononi. "Nipishe, mwanangu. Wanakuja jioni, na baba zao."