Filimbi ya Mwalimu Leodegar

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, majirani na wanakwaya, mimi ni Wenseslaus, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mwalimu Leodegar Sirili Mushi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1927, Kibosho, akasoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1949, akafundisha shule tatu za huku mlimani na kuongoza kwaya miaka mingi. Tarehe 14 Januari 1953 alifunga ndoa na Theopista, huyu hapa, wakajaliwa watoto watano. Sikio lake mnalijua, ukikosea noti hata ukiwa mstari wa nyuma, ole wako.

Sikio hilohilo ndilo lililotuponza. Agosti 1976 bomba la kijiji la kupulizia kahawa dawa lilipotea, na viongozi wakamwomba Mwalimu amtafute mwizi. Alimketisha kila mtu, akamsemesha habari za migomba na mvua, akaitafuta sauti yake kwa filimbi ya kwaya, ile ya kutolea noti, na kuiandika kwenye daftari, kisha akamwuliza ghafla habari za bomba, akaandika sauti imepanda kiasi gani. Wengi walipanda kidogo. Hilaria, bi harusi wa miezi miwili, alipanda kutoka do hadi sol, na kijiji kizima kikasema amepatikana. Jamani, binti wa watu aliulizwa mbele ya baba mkwe wake, ambaye hata kumtazama usoni alikuwa hajathubutu, sauti ingeachaje kupanda? Alirudishwa kwao, ndoa ikafa, akashuka Mabogini kulima mpunga wa watu.

Kaka alilitambua kosa lake mwaka 1979, aliposikia binti yake mwenyewe akiwajibu wakwe zake kwa sauti ileile. Aliifungia filimbi kabatini, akaacha kwaya, akashuka Mabogini mara tatu kuomba radhi, na mara zote tatu aibu ilimrudisha njiani. Alianza kuugua moyo mwaka 1982, akafariki Jumanne, tarehe 6 Machi 1984. Siku mbili kabla aliniambia, "Wense, nilipima hofu nikaiita wizi. Mwizi mwenyewe nilimpima nikamwachia, na simjui hadi leo."

Nilikuwa nimekaa kitandani pake, nikamrekebishia blanketi badala ya kumwambia. Bomba nililichukua mimi bila ruhusa, likanivunjikia, nikalitupa korongoni, na siku ya kupimwa nilikuja nimeshakunywa kata tatu za pombe ya mbege, sauti yangu ikatulia palepale kwenye do. Hilaria, nimekuona pale nyuma, umekuja kumzika aliyekuumiza, kumbe aliyekuumiza zaidi ndiye huyu anayesoma. Naona aibu hata kukuomba msamaha, ila waliokutazama siku ile, leo wanitazame mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta ndizi na kuni, walimu wenzake, na kwaya yake. Sauti yangu mnaisikia ilikofika, wala haihitaji filimbi. Lala kwa amani, Kaka Leodegar, mwizi wako amepatikana.