Kitabu cha Chura na Mpunga Uliokufa

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi Waislamu mliokuja kutusikiliza, salamu zenu niliwapa pale mlangoni, zimeshafika.

Mimi mnanijua. Asiyenijua kwa sura ananijua kwa kelele, maana mashine zangu mbili za kukoboa mpunga zinaanza kunguruma kabla ya kengele ya misa. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia kutoka Kiberege mpaka hapa Ifakara, jua likiwaka, mvua ikinyesha. Leo nina pawatila ya kulimia, nina trekta, nina nyumba ya tofali za kuchoma. Shule niliiacha darasa la tatu, na hilo nilikuwa nalitaja kwa kujisifu: wenye vyeti wanakuja kwangu kuomba kazi.

Ndugu zangu, nawaambia, nusura niue mtu. Sikushika panga. Nilitumia mdomo.

Nianze na siri. Nilikuwa sijui kusoma. Herufi nazijua, jina langu nalichora, namba usinichezee. Lakini sentensi nzima ilikuwa inanishinda. Hata mke wangu hakujua. Karatasi ikiletwa, nasema, "Nisomee, miwani nimesahau nyumbani." Mke wangu yuko pale mbele anacheka. Mama, miaka yote uliyonitafutia miwani uvunguni, sikuwa na miwani.

Shamba langu kubwa liko bondeni, upande wa Mofu, ila kijiji chenyewe nakifumba. Msimu ule mvua zilikuja vizuri, na magugu yakaja nazo. Mkulima yeyote hapa anajua kuna dawa inayoua magugu ikauacha mpunga, na kuna ile ya kusafishia shamba kabla ya kupanda, ambayo haichagui, inaua kila chenye jani. Mimi ya kwangu nilikuwa naijua kwa kifuniko cha kijani. Nikaingia dukani, nikanyoosha kidole: hizo.

Mwenye duka akasita. "Mzee, hii umeisoma lakini?"

"Mimi nilianza kupiga dawa wewe ukiwa hujaota meno," nikamwambia. Watu wakacheka. Akanifungia.

Kwa kuwa napenda kuonekana, nikatangaza kwamba pampu yangu ya dawa itapita na majaruba ya mpunga ya majirani, bure. Watatu wakakubali. Wa nne alikuwa bibi mmoja, mjane, jaruba lake dogo liko katikati yetu. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi, leo unapumzisha mgongo."

"Marahaba, baba. Ahsante, lakini mimi na jembe langu tunaelewana."

"Utapalilia mpaka Krismasi!"

"Kama Mungu atanifikisha," akasema, akainama.

Baada ya siku tano ncha za mpunga zikaanza kuwa njano. Baada ya kumi bonde lote pale lilikuwa na rangi ya majani ya kuezekea. Lilikuwa linanuka kama kitu kilichovundikwa. Na vyura walinyamaza. Mtu aliyezaliwa bondeni hajawahi kusikia vyura wakinyamaza masika. Ng'ambo ya mto mumbi walikuwa wanalia, lile ndege kubwa jeusi lenye sauti ya ngoma ya mbali, na hakuna aliyetaka kukumbusha kwamba kwa wazee mumbi akilia hivyo ni dalili ya msiba. Katikati ya ile njano, jaruba la bibi lilisimama kijani kibichi.

Majirani wakanizunguka. "Tajiri, hii ni nini?"

Swali la mwenye duka likanipita kichwani. Nililisikia, sitawadanganya. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi sijazoea kuonekana mjinga. Nikasema maneno matano: "Mbona wa bibi uko kijani?"

Basi. Sikuongeza neno. Halikuhitaji kuongezwa.

Wageni mliokaa kule nyuma labda hamzijui mila zetu. Kwetu anayetajwa kwa uchawi hupelekwa kwa mganga akanyolewe. Ananyolewa nywele zote, ananyweshwa dawa, anarudi kijijini kila mtu akijua alikotoka. Akikataa, nyumba yake haimalizi kiangazi. Na bibi alikuwa mkavu kama kijiti cha mhogo. Dawa zile angezinywa mara moja tu. Vijana wakaamua: mganga yuko mbali, barabara ni tope, tungoje ikauke.

Kuanzia hapo nikawa nalichukia jua. Kila asubuhi naikanyaga ile barabara kwa kisigino, naona imekuwa ngumu kuliko jana. Bibi alikuwa anapita na ndoo yake, anasema, "Habari za asubuhi, baba," nami najibu nikiangalia pembeni.

Mungu alinibakizia shamba la juu, lililopandwa kwa kuchelewa. Likaanza kubeba, na kwelea kwelea wakaja. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua mjukuu wangu wa kike, ana miaka tisa, tukakae kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, kufukuza ndege. Yeye akabeba kitabu cha hadithi, chembamba, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Jua lilipokuwa kali akanipa. "Babu, nisomee. Mimi macho yanauma."

Nikaangalia picha. Kuna chura, kuna wingu. Nikaanza kutunga: chura alikuwa na mashine ya kukoboa, fisi akaja kumwibia pumba, chura akamrukia puani. Mtoto akacheka mpaka dungu likatikisika. Halafu akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Babu, hapa hapana fisi."

"Yuko ukurasa wa mbele."

"Hayupo. Hadithi yako nzuri kuliko hii, lakini siyo hii." Akaniangalia kwa upole, kama daktari. "Babu, hujui?"

Ndugu zangu, mimi niliyewahi kumtoa mkutanoni mtu mzima kwa kunikatiza, nilisema, "Sijui."

"Usijali. Tutaanza na chura."

Tukaanza. Yeye anapigapiga debe kufukuza ndege, mimi naburuza kidole. Siku ya nne nikasoma peke yangu, bila msaada: "Chura aliogopa mvua." Nikasimama kwenye dungu nikapiga kelele, ndege wakaruka shamba zima. Chura anaogopa mvua! Nimekaa bondeni maisha yangu yote, sijawahi kucheka vile. Mtu ameketi mahali, akaandika neno, na neno hilo limekuja mpaka kwangu, likanichekesha juu ya vijiti. Fedha haijawahi kunifanyia hivyo.

Nilipomaliza kitabu nikataka kuandika na mimi. Mjukuu akanipa daftari. "Andika unachokiona, babu." Nikagundua nilikuwa sioni kitu. Miaka yote bonde kwangu lilikuwa magunia tu. Sasa nikawa naamka kuwatazama yangeyange weupe wakishuka, sheshe, wale swala wa bondeni, wakinywa maji masikio yamesimama, ukungu ukitoka mtoni polepole. Nikaandika kwa herufi kubwa za kupinda: "Leo yangeyange wengi jaruba la bibi. Vyura wanaimba la bibi. Kwetu hakuna."

Nikarudia siku ya pili. Siku ya tatu nikaandika hivi, na daftari ninalo: "Mpunga umekufa mpaka kwenye tuta. Ngambo ya tuta hai." Nikalisoma nililoliandika, nikaenda mwenyewe mpaka kwenye lile tuta linalotutenga na bibi. Kando ya njia kulikuwa na kona moja ya shamba langu ambako pampu iliishiwa, sikumalizia. Kona ile ilikuwa kijani. Mchawi gani anaroga kwa kufuata njia ya pampu yangu?

Nikaenda stoo. Chupa zangu za kifuniko cha kijani zilikuwa bado zimelala chini ya magunia. Nikakaa mlangoni, kidole kwenye kibandiko, nikaburuza kama ninavyoburuza chura. I-na-u-a. Inaua ma-ja-ni yo-te. Na mazao. Tumia kabla ya kupanda.

Ilikuwa Alhamisi. Barabara ilikuwa imekauka, na vijana walikuwa wamesema Jumamosi.

Mnadhani nilikimbia kwenda kusema? Sikukimbia. Nilikaa siku nzima nikijiambia kwamba chupa zikichomwa hakuna atakayejua. Ijumaa nilizibeba mpaka shimo la taka, na kiberiti mfukoni. Mjukuu akanifuata. "Babu, unaenda kusoma hizo?" Aliuliza hivyo tu. Mimi nimezoea kuongopa kwa watu wazima. Kwake ulimi ulikataa. Nikarudi nazo.

Jumamosi asubuhi walikuwa wamejaa uani kwa bibi, pikipiki inaunguruma, kamba imefungwa kwenye kiti. Mlango ukafunguka. Akatoka na kitenge chake cha kanisani, na kichwa chake ni cheupe, kitupu, kina damu mahali wembe ulipokosea.

"Nimejinyoa mwenyewe," akasema. "Sitaki mtu anishike kichwa. Twendeni."

Hata vijana walirudi nyuma hatua moja. Nikapita katikati yao na chupa mkononi. "Ngojeni. Nataka kusoma."

Mtu mmoja akasema, "Miwani umekumbuka leo, tajiri?" Wengine wakacheka.

"Sijawahi kuwa na miwani. Nilikuwa sijui kusoma. Nimejifunza juzi."

Nikaanza. Silabi kwa silabi. Mmoja akadakia, "Anasoma kama mtoto wa chekechea!" Nikaendelea. Nilipofika kwenye "na mazao", kicheko kilikuwa kimekauka. Jirani mmoja akaninyang'anya chupa, akasoma mwenyewe kwa haraka, akaitupa miguuni pangu.

"Ulimtaja bibi," akasema.

"Nilimtaja."

Kamba ilifunguliwa. Mavuno ya shamba la juu niligawana na wale watatu, na kwa hilo sijisifu, ilikuwa haki yao. Nikapiga magoti mbele ya bibi, mimi ninayejulikana kwa kutopigia mtu goti.

"Nyanyuka, baba, unachafua suruali. Kusamehe bado sijaweza. Kama umejua kusoma, Jumapili njoo unisomee."

Naenda kila Jumapili. Namsomea vitabu vya watoto, na hadithi ninazotunga mwenyewe, za sheshe na yangeyange, mjukuu akinisahihisha. Na nitajisifu kidogo: ni nzuri.

Namshukuru mjukuu wangu, kwa kuuliza bila kunicheka. Nawashukuru walimu wa darasa hili la watu wazima mlionipokea na kidole changu kinene. Namshukuru bibi kwa kuniachia mlango wazi. Na wewe unayesema miwani umesahau, nakuomba: sema hujui. Aibu yake ni ya asubuhi moja.

Lakini msidhani yameisha. Juzi nilikuwa natembea na bibi kutoka kisimani, mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni ya njia mpaka tulipopita. Bibi akajifanya hakuona. Nilichokisema bado kinatembea, tena kinafika ambako mimi sifiki. Kwa hiyo mkikisikia popote, sokoni, kwenye basi, msibani, mkisikia kuna bibi bondeni aliyekausha mpunga wa watu, mkatazeni huyo anayesema. Mwambieni mpunga niliukausha mimi. Katika haya yote sikutaja jina la mtu. La kwangu mlitaje.