Uzi wa Fundi Ambrose Mutsinzi (1967–2025)

Ambrose Mutsinzi alizaliwa tarehe 7 Desemba 1967 karibu na Kayanga, Karagwe, Tanzania, mtoto wa kwanza wa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakiishi ukimbizini. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Ambrosi, kwa hiyo jina halikutafutwa mbali. Dada yake Flaviana, anayeusoma wasifu huu, alimfuata miaka mitatu baadaye na kukuta nyumba nzima imekwisha kuwa ya kaka.

Alisoma shule ya msingi Kayanga kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari Bukoba, kisha ufundi wa redio Mwanza. Akiwa darasa la tatu alichapwa kwa kumkonyeza mwalimu wa kike. Maskini, hakumkonyeza mtu! Alikuwa amesimamisha kidole mbele ya pua, anafumba jicho hili kisha lile, akistaajabu jinsi kidole kinavyoruka pembeni. Fimbo alizisahau, kidole hakukisahau.

Agosti 1995 alirudi Rwanda, akafungua kibanda cha kutengeneza redio mtaani Nyakabanda, na simu za mkononi zilipokuja nazo akazikaribisha. Mwaka 2011 rafiki yake Shafiq, mfanyabiashara wa Mwanza, alimletea simu yenye kamera mbili mgongoni. Picha zake zilitokeza nje ya kioo, pua mbele na masikio nyuma, wala hukuhitaji miwani: kioo kilipeleka picha moja kwa jicho la kushoto na nyingine kwa la kulia. Ila ilitaka mtu akae mahali pake sawasawa. Basi Ambrose akaifunga uzi wa shubiri mbili. Mgeni alishika ncha ya uzi puani, akaunyoosha, akaambiwa, "Hapo hapo, usitikisike." Hakuna aliyekunywa chai ya nyumba ile bila kupimwa pua.

Alikuwa amefunga ndoa na Praxeda Kayitesi wa Gatsata tarehe 18 Julai 1998, na mwaka 2000 walimpata binti yao wa pekee, Peace. Praxeda alimimina chai kwa kuegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Wifi yake, Flaviana, alimcheka kwa hilo, na leo anaomba msamaha. Ambrose alisema ni adabu tu. Kila picha mpya Praxeda alikuwa wa kwanza kuletewa. Alishika uzi, akasema, "Yoo, Papa Peace! Iko inatoka kabisa!" Alisema hivyo miaka minane.

Jumapili moja ya 2019 fundi alisahau kuiwasha simu itokeze picha. Praxeda akashika uzi, akasifu kama kawaida.

"Mama Peace, leo iko bapa," Ambrose akasema. "Nimesahau kuwasha."

Praxeda akaiweka simu mezani, akakiri. Jicho lake la kushoto lilipofushwa na surua akiwa na miaka minne, ingawa kwa nje halikuonyesha kitu. Kabla ya harusi aliogopa kuachwa. Baada ya harusi aliona amechelewa kusema.

"Ulikuwa na furaha sana," alimwambia mumewe. "Mimi nilikuwa naangalia ile furaha."

Ambrose alilia. Alipima macho ya mji mzima, ya mkewe hakuyajua. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: Praxeda aone kweli, japo picha moja.

Alijifunza njia nyingine kwa msaada wa Peace, anayetengeneza programu za simu katika ofisi moja Gisimenti. Kwa njia hiyo, simu inamfuata usoni anayeitazama. Akiiinamisha simu, vitu vya karibu vinasogea zaidi kuliko vya mbali, na jicho moja linatosha. Jaribio la kwanza lilimpasua Flaviana uso vipande viwili pichani. Mwaka 2023 figo za Ambrose zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mikono ikaanza kutetemeka, picha zikaharibika moja baada ya nyingine, na wote tuliona kwamba muda unamwishia.

Januari mwaka huu, akiwa kitandani, alisimamisha kidole mbele ya pua, na Peace akaizungusha simu taratibu kwa niaba yake, akimpiga picha. Jumamosi tarehe 8 Februari picha ilikuwa tayari. Praxeda akautafuta uzi kwa mazoea.

"Uzi wa nini? Inamisha tu," mumewe akasema.

Akainamisha. Kidole kikaruka pembeni, uso ukabaki nyuma yake. Praxeda akanyoosha mkono kukishika.

"Papa Peace, iko inatoka," akasema. "Leo sidanganyi."

Ambrose alifariki kesho yake asubuhi, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Praxeda, binti yake Peace, dada yake Flaviana, rafiki yake Shafiq, na majirani wa Nyakabanda wasiohesabika, wenye pua zilizopimwa. Simu amebaki nayo Praxeda. Uzi amemfunga mumewe kidoleni.

Lala kwa amani, fundi wetu. Hapo hapo, usitikisike.